Kuvu Haipigi Hodi

Mwaka ule bangi yangu,
yenye leseni na muhuri wa Rabat,
ilisimama mlimani Ketama
na rangi ya karatasi kuukuu.
Nikaimwagia mbolea. Ikazidi kununa.

Mimount akaja na mizizi ya vitunguu
ameikatakata kama mchicha.
"Gunia lako liache ghalani.
Kuvu haipigi hodi penye shibe."

Tukaitia, kiganja kwa kila shimo,
mgongo ukilalamika.

Agosti nikang'oa mche mmoja
niwaone wageni wetu.
Sikuona kitu:
udongo tu, umeng'ang'ania mzizi
kama mtoto anayekataa kuachishwa ziwa.

Nikaurudisha haraka, kwa aibu.
Juu, majani yalikuwa kijani cha kutisha.

Mimount alikataa pesa.
Alidai vitunguu vyake.