Jiwe la Mlangoni, Itumbi

Nimerudi na matope ya bahari daftarini:
miezi mitatu melini, tukishusha bomba
mita elfu nne, gizani, kuchota sakafu
pale visiwa vya moto vinapoligonga bara
na kukataa kuzama.

Baba yuko pale pale, kwenye karasha,
vumbi jeupe hadi kwenye kope.
"Bahari inawalipa?"
Inalipa, nasema, ila inachelewesha.
Anacheka, anakohoa, anamalizia kucheka.

Jioni upepo wa Chunya unausukuma mlango,
naye kwa mguu anasogeza lile jiwe,
la kijani kilichokolea, lenye vidoa vyekundu
kama kupe walioshiba.
Limezuia mlango huu tangu mama akisiliba kuta.
Nikiwa darasa la tatu lilinitoa damu kidoleni.
Sikuwahi kuliuliza kwao ni wapi.

Nalipangusa kwa mate. Natoa lenzi.

Baba, hii ni sakafu ya bahari.
Anatazama kizingiti, anatazama viatu vyangu.
"Hapa? Hapa hata kisima kinatuchenga."

Namwambia palikuwa na maji kabla ya samaki,
kabla ya yeyote wa kuyaita maji.
Visiwa vikaja, safu nzima, imepinda kama uta,
kila kimoja na jiko lake tumboni.
Bara limekaa zake, zee, baridi, halina haraka.
Bahari ya katikati ikabanwa, ikamezwa,
ikapikwa huko chini,
na makombo yake yakatemwa juu: haya unayokanyaga.
Penye nyufa yakapita maji ya moto
na hiyo dhahabu inayokukohoza.

"Vilikuja kwa kasi gani?"
Kasi ya ukucha kuota.

Ananyoosha dole gumba la kushoto,
lile lililong'olewa ukucha na nyundo mwaka wa El Nino,
laini hadi leo kama tumbo la mjusi.
"Basi kwangu mimi," anasema, "bado viko njiani."

Hilo halimo daftarini.
Nikaandika namba ya sampuli kwenye utepe,
nikalipakata jiwe, niwahi nalo basi la Mbeya alfajiri.
Mlango ukajibamiza.
Hakusema kitu, aliniangalia tu.

Nimevunja kipande, kadiri ya andazi.
Lililobaki nimelirudisha mahali pake,
kidonda chake kikitazama ndani.
Baba amemaliza kula. Anainama,
analimwagia maji aliyonawia.
"Tuone," anasema, "kama litakumbuka."