Kanuni ya Mizani Nane

Kitabu cha kanuni kilitufikia bila jalada,
kurasa za mchawi zimeliwa na mchwa hadi ngazi ya tano.
Heri ya mchwa. Jina lenyewe lilitushinda.
"Mchawi sitaki," alisema Mwanakombo,
"mchawi huroga watoto wa watu.
Mimi nataka kushika upanga
na kufungua milango kwa maneno."
"Basi mganga."
"Mganga atadai kuku."

Saa nzima nyuma ya karakana ya Kilua,
Barabara ya Kumi na Mbili, Ngamiani,
randa imenyamaza, vumbi la mvule limeelea kwenye chai,
tunamtafutia jina mtu
mwenye chuma mkono mmoja na neno mkono wa pili.
Nikaandika: Mkataneno.
Hakuna aliyepinga. Hakuna aliyesifu pia.

Deraya tuliifuta siku ya kwanza.
Aliyeibuni hajasimama Tanga mwezi wa pili, saa nane mchana.
Badala yake kamba za mkonge, zimesukwa mara tatu:
ulinzi nne,
zikilowa ulinzi mbili,
na zinawasha.
Singano akauliza kama kuwasha nako kuna hesabu yake.
Nikasema kuna. Sikuwa nimeifikiria.

Kitabu kinataka upanga kulia, uganga kushoto.
Mwanakombo akacheka cheko lisilo na furaha.
Darasa la kwanza alichapwa vidole
mpaka penseli ikahama.
"Kwangu upanga utakaa kushoto, ulikotaka kukaa.
Neno nitalitoa kwa huu mkono wa mwalimu."
Nikafuta. Nikaandika: mkono wowote.

Ikabaki bei.
Kitabu kinagawa miujiza mitatu kwa siku
kama vidonge, kutwa mara tatu.
Sisi tukasema muujiza ni mshororo,
nane kwa nane,
na upanga ushuke palepale kwenye mkato,
si kabla, si baada.
Silabi ikizidi, moto unamrudia mwenyewe.
Na kina kikishatumika usiku huo, kimekwisha,
kama mafuta ya taa.

Dadu alichonga Kilua, nyuso ishirini.
Saba huja mno, maana chini ya kumi na nne
kuna fundo la mti. Tumezoea.
Kila mmoja hupanga maisha yake akiihesabu ile saba.

Ijumaa tulishuka Amboni,
Amboni ya kwetu, yenye ghorofa saba kwenda chini.
Mlango wa kwanza Mwanakombo akauambia:
*Giza ulokaa hapa, toka mlango ni huu,*
kushoto kukashuka, jiwe likagawanyika.
Wa pili ukala kina cha -sha, wa tatu kina cha -mo.
Mbele ya wa nne akafungua kinywa, akakifunga.
Nyuma yetu zimwi likivuta pumzi,
yaani mimi, nikipuliza kwenye kikombe kitupu.

Ndipo Singano,
anayeziba pancha kutwa pale kona,
aliyechagua askari mtupu kwa kuwa
"mimi na mashairi wapi na wapi,"
akasema, macho yake kwenye makucha yake meusi:
*Mlango ninakulipa, hewa ya kifua changu.*

Nikahesabu kwa vidole chini ya meza.
Nane.
Nikarudia. Nane.

"Askari hana neno!" Kilua alisimama.
"Na -pa imeshaliwa, mlango wa kwanza!"
"Imeliwa kinywani mwangu," alisema Mwanakombo,
"si mwake."
Nikafunua daftari. Kina hukauka kwa meza nzima
au kwa kinywa kimoja kimoja?
Mwandiko ni wangu, na haukusema kitu.

Singano alikuwa bado hajainua uso.
Kifua chake kilipanda, kikashuka,
kama kweli amelipa.

Nikamsogezea dadu.
"Rusha," nikasema. "Saba inatosha."