Jina la Divai

Nyevu anafungua chupa ya Chile,
mkahawa wa Nyali, Jumanne, meza mbili tu.
Kifuani ana beji: Mercy.
Mercy aliacha kazi mwezi wa tatu, beji ikabaki.

"Inanukaje?" mgeni auliza.
Kijitabu kimeandika zambarau, tumbaku, moshi.
Yeye anasema: pilipili hoho mbichi,
umeipasua sasa hivi kwa kisu butu,
na chini yake udongo wa Kaloleni ukionja mvua.

Haikwaruzi ulimi
kama chai ya rangi iliyosahauliwa jikoni.
Usiiweke na samaki wa kupaka,
nazi haiketi nayo mkeka mmoja.
Ipe mishkaki, mafuta yakidondokea makaa,
ukwaju kidogo,
maharage yaliyolala na bizari.

"Miaka zaidi ya mia," anamimina,
"huko kwao waliiita Merlo.
Shamba moja, jina la mwenzake.
Ikikomaa kwa wakati wake
wakasema imechelewa."

Mgeni anacheka, anainua glasi.
"Asante, Mercy."

Tone limeteleza shingoni mwa chupa.
Analifuta,
kisha anaigeuza lebo polepole,
imtazame mgeni:
Karmeneri.
Isomeke.