Nne Nukta Sufuri

Kiwanda chetu kipo Izki, nyuma ya kituo cha petroli.
Tunafunga tende: fardi, khalasi, khunaizi,
na mimi, Thuwaiba, ndiye mwenye mafaili.

Mnunuzi wa ng'ambo alisema maneno machache:
"Tende zenu tamu. Cheti kiko wapi?"
Kumbe utamu haujitolei ushahidi;
anatakiwa mtu asiye wako, asiyekula kwako,
aje aseme.

Miezi saba tukaandika.
Tukaandika namna ya kunawa mikono,
tukaandika nani ataandika kwamba mikono imenawiwa.
Mofazzal akabandika mstari wa manjano sakafuni,
akauvuka yeye wa kwanza na toroli lake,
akarudi nyuma akicheka.
Bwana Muhanna akanunua kofia za wavu mia tano,
akavaa moja hata akipiga simu.

Mkaguzi alikuja Jumatatu, saa mbili kasoro dakika tano:
Bwana Sreekumar, viatu vya kazini mkobani.
Kahawa alikunywa vikombe viwili, cha tatu akakitikisa.
Boksi la khalasi alilisukuma kwa kidole kimoja
likarudi upande wetu wa meza.
"Nikila hizi, kalamu yangu itaingia sukari."

Hakuuliza tunajua nini. Aliuliza tunaonyesha nini.
Akashika pakiti moja rafuni, bila kuchagua:
"Nirudisheni nayo mpaka shambani."
Tukamrudisha: namba, tarehe, lori, shamba la Birkat al-Mauz.
Mofazzal akanikonyeza. Nikajiona nimefaulu.

Kisha akafungua faili la chumba cha baridi.

Niwaeleze kitu. Mama yangu hutunga mashairi.
Huhesabu mizani kwa vidole juu ya goti,
nane kwa nane, na mstari ukizidi huupunguza
kama anayemkata mtoto kucha.
Kwake nilijifunza kuona raha
safu inapoteremka bila kuyumba.
Na safu yangu iliteremka:
nne nukta sufuri, nne nukta sufuri,
asubuhi na jioni, Shaaban mpaka Dhulhija,
vina vimetimia, mizani haikupwaya hata siku moja.

"Jokofu gani hili," akauliza, taratibu,
"lisilopumua? Mlango hufunguliwa mara arobaini kwa siku."
Halafu kidole chake kikasimama
Idi Mosi, jioni. Jina langu.
Siku ile nilikuwa Ibra, mikono yote miwili ina hina mbichi.

Bwana Muhanna akakohoa. Angeweza kusema mengi.
Mimi nikasema, "Niliandika kabla."
Maneno mawili. Chumba kikapoa chini ya nne.

Nikamwuliza, sasa tufanye nini?
"Hilo siruhusiwi kukwambia. Mimi nataja ugonjwa;
nikitaja na dawa, mwakani nitakuja kujikagua mwenyewe."
Akaandika hitilafu, akaisoma kwa sauti,
akanigeuzia karatasi: "Sahihi yako, tafadhali."
Sahihi. Tangu nianze kazi
sikuwahi kulisikia neno hilo
likisema maana zake zote mbili.

Tulipewa siku tisini. Kipimajoto kipya, fomu mpya;
Mofazzal anasoma, mimi naandika,
na siku nisipokuwepo jina langu halipo.
Cheti hakukitoa yeye. Walikitoa watu wa mbali
wasioonja tende wala kuona kikombe kikitikiswa,
waliosoma karatasi tu.
Kimetundikwa mapokezi, kimepinda kidogo kushoto.
Miaka mitatu, na kila mwaka mgeni wetu atarudi.

Juzi Mama aliniuliza, hivi huko unaandika nini hasa?
Nikamsomea ukurasa kwenye simu:
tatu nukta tisa. Nne nukta nne. Nne nukta moja.
Tano nukta mbili, lori lilichelewa, mlango ulikuwa wazi.
"Mbona yachechemea?" akasema.
Ndiyo, Mama. Inatembea.