Nakala Tatu

Ofisi tisa za mawakili, kutoka Nera mpaka Kirumba,
zilisoma kichwa cha barua yangu ya fildi, basi.
Ya kumi, juu ya duka la vipuri,
karani Nyanzobe akauliza: "Kiti umekuja nacho?"
Nikakalia boksi la karatasi.

Wiki tatu natoa nakala.
Nafuata tarehe mahakamani,
tarehe inazaa tarehe.

Leo ameingia Mama Mafwiri wa mwaloni,
vumbi la dagaa linametameta kwenye kanga.
Magunia kumi na manne, kwa mkopo.
Mnunuzi kazima simu.
Wakili yuko Bukoba. Nyanzobe akanitazama mimi.

Nilipata A ya mikataba.
Nikaanza: pendekezo, ukubali, malipo…
"Mwanangu," akanikatiza, "hujaniuliza hata jina."

Nikauliza.
Kisha siku gani. Kisha nani aliona magunia yakipakiwa.
Nikaandika *mdai*,
na neno nililolikariri miaka mitatu
likanuka samaki, likavua kandambili, likakaa.

Nyanzobe alisoma. Akakata mistari minne,
ile niliyoipenda.
"Nakala tatu," akasema.

Jioni, nauli ya Mkolani sina.
Mfukoni, kisado cha dagaa.