Nani Alimpa Kibiriti

Saa kumi na mbili kasorobo, Grimsby bado giza.
Natoka kiwandani na harufu ya chewa vidoleni,
harufu isiyojua ndimu wala sabuni.
Mkawasi, tunayekodi naye nyumba, kapitiwa na usingizi kochini.
Mwadime yuko macho, blanketi kichwani kama kuhani,
uso wake unageuka rangi kwa mwanga wa kioo:
buluu, kijani, buluu.

"Mama, kaa. Samaki anakuja."

Nakaa na koti langu.
Na samaki anakuja kweli, kope ndefu za bibi harusi,
anatabasamu, hana jino hata moja.
Anammeza nabii mtoro
taratibu, kama mgonjwa anavyomeza kidonge.

Tumboni mna nafasi kuliko chumba chetu.
Nabii amewasha mshumaa,
amekalia ubavu, anaomba msamaha,
nywele zake kavu.

"Nani alimpa kibiriti?"
Sijui, baba.
"Na mshumaa?"
Labda alikuwa nao mfukoni.
"Mfuko ulilowa."

Mwishoni hushuka nyota yenye miguu
na kutoa somo la leo: ukitii, Mungu atakutoa.
Mwadime hulisema pamoja nayo kwa lafudhi ya huku,
kisha hunigeuzia kwa Kiswahili, polepole,
kana kwamba mimi ndiye mgeni katika habari hii.
"Mama, ukimkata samaki kiwandani
ugonge kwanza. Huenda mna mtu."

Sikumwambia kwamba samaki hutufikia matumbo wazi,
wamekwisha kusafishwa hukohuko baharini.
Usiku uliofuata, mstari wa tatu,
barafu ikipenya glavu hadi kwenye mifupa,
nikamshika mmoja, mzito kama mtoto mchanga,
nikagonga.
Nikatia vidole ndani.
Tupu. Baridi. Safi.
Virgis, msimamizi, akauliza kuna nini.
Nikasema, wametoka wote.

Lakini ile video huishia ufukweni.
Nabii anajikung'uta mchanga, muziki, majina ya wachoraji.
Mwalimu wetu wa Jumapili kule Wundanyi
hakuwa na picha, wala hakumng'oa samaki meno.
Alitufikisha hadi kwenye hasira:
mji ukasamehewa, na nabii akanuna,
akakaa juani akitamani kufa
kwa sababu wenzake wamepona.

Ninamjua nabii huyo.
Jirani wa mlango wa pili alitutupia mayai dirishani
kiangazi kile mitaa ilipochafuka.
Nilikwangua ute kwa kisu cha mkate,
na kwa kila mkwaruzo nilimwombea jambo.
Sitasema jambo gani.
Halikuja. Juzi kapata mjukuu,
kafunga maputo ya waridi kwenye kitasa,
na mimi nikayapita nimefunga mdomo
kama mtu aliyedhulumiwa mshahara.

Leo asubuhi Mwadime kavaa buti za mvua mwenyewe,
la kulia kushoto, la kushoto kulia,
na anajivuna, anatembea kama bata.
Nikainama kumbadilisha, mkono ukasita njiani.
Nikakumbuka jibu alilopewa yule mnunaji:
habari za umati mzima
usiojua mkono wake wa kulia ni upi.

Nikaliacha buti.
"Video ina kipande kingine," nikamwambia, "hawajakichora."
"Kina samaki?"
Hapana. Kina mtu aliyekasirika na jua kali.
"Hicho hakitapendeza," akasema, akafungua mlango.

Jirani alikuwa nje akitoa mapipa,
puto moja limenywea begani pake.
Mwadime akampungia mkono, wa kushoto,
akiamini ni ule mwema.
Yule mzee akatazama nyuma yake kwanza
kuona anapungiwa nani.
Kisha akauinua wake, nusu,
na mimi, mfuko wa shule kwapani,
nikasimama pale na vidole vyangu vya chewa
nikitafuta nautoe upi.