Kimya Kilicholipiwa

Jumamosi tulipima ubao wa tezi kwa utepe wangu wa kushonea:
sentimita thelathini na nane, ukingo wa juu hadi chini.
"Mguu mfupi," akasema Mundhir, akaandika nyuma ya risiti ya dawa,
"mrefu utakwangua mchanga hapa Qantab maji yakipwa."
Akaandika na uzito wetu. Wangu akaupunguza kilo sita.
Sikumsahihisha. Mashine itajua yenyewe.

Kihori ni cha mpira, cha kijivu, kina viraka viwili,
kazi yake kutuvusha mita mia nne hadi kwenye mashua
tuliyouziwa na Mholanzi aliyekuwa anarudi kwao kwa haraka.
Mia nne kwenda, mia nne kurudi, na chupa ya chai,
siku nyingine na shemeji. Hiyo ndiyo safari yote.
Kwa safari hiyo tumefuga miaka kumi na tisa
mashine ya petroli yenye tabia za mgeni asiyeondoka:
inakohoa, inatema mafuta, haiamki mpaka ibembelezwe,
na kamba yake ndiyo iliyomtegua Mundhir bega mwaka juzi.

Dukani Ghubra, kijana wa Kerala, Biju,
alitulazia mbili juu ya zulia kama anauza mapacha.
Ya kwanza betri imo ndani kwa ndani, kilo kumi na saba, hazigawiki.
Ya pili inaachana: kichwa, mguu, betri,
kila kipande mtu wa miaka sitini na mbili anakiweza kwa mkono mmoja,
wa pili ukashika ngazi.
Mundhir akauliza nguvu. Mimi nikauliza joto.
"Julai, ndani ya gari pale ufukweni, yai linaiva.
Betri itafanyaje?"
Biju akafunua kijitabu, akakuna shingo:
isilale garini, isichajiwe ingali ya moto, ikae ndani, kivulini.
Basi ni kama mamangu alivyokuwa, nikasema. Nimeshazoea.

Bei aliitaja akiangalia feni.
Kwa riyali zile tungenunua petroli mpaka tuzikwe.
Mundhir akaipiga hesabu hiyo kwa sauti,
akaipiga tena, akafika palepale.

Halafu Biju akaiwasha ndani ya pipa la maji.

Hapana kitu. Maji yakazunguka.
Nikasikia kiyoyozi, nikasikia saa ya Mundhir,
nikamsikia Mundhir anavyovuta pumzi kwa pua.

Hapo ndipo nilipoogopa, wala si bei.
Miaka kumi na tisa ile kelele ilitusitiri.
Mwaka aliohamia Nasir Doha bila kuaga, tulivuka hatukusema,
na nani angesema? Mashine ilikuwa inasema.
Mwaka wa uvimbe wangu, vilevile.
Tulikuwa tukifika kwenye mashua tumeshayapita yale maneno,
tunatweka tanga, tunamenya machungwa.
Nitakaa wapi sasa, mita mia nne, magoti yakigusana,
na katikati yetu kimya tulichokilipia?

Tulichukua ile ya vipande.
Ijumaa asubuhi betri niliibeba mimi.
Mundhir akapachika, akakaza skrubu, akazungusha mpini.
Skrini ikaandika: kilomita tisa zimebaki.
Ufukwe ukaanza kuondoka bila kutuambia.
Samaki wadogo hawakukimbia.
Mimi nikaangalia maji, yeye akaangalia skrini,
nane nukta tisa,
nane nukta nane,
mpaka penye boya jekundu, nusu ya njia,
akakohoa kama ile mashine ya zamani.
"Umefunga gesi?"
"Nimefunga."
Rafadha ikazunguka.
"Na Nasir," akasema, "namba yake ni ileile?"